Siku ya kuvua inafaulu wakati gani? Tutembee mpaka Kasenga

Ndugu musomaji, ikiwa unakaa Lubumbashi, Likasi, Kipushi ao Kolwezi, hakika umekwisha kula samaki wa Kasenga. Umemukuta sokoni, amekaushwa ao amelala juu ya barafu. Mama akamupika na nyanya na kitunguu, akamuweka pembeni ya bukari, mukakula, mukasahau. Lakini je, ulijiuliza siku moja: samaki huyu alitoka wapi? Nani alimuvua? Na yule aliyemuvua, jioni ile alirudi kwake na furaha ao na huzuni?

Mwezi huu twende pamoja mpaka ku muto Luapula. Mimi nilikwenda kule mwaka uliopita, katika mwezi wa 9, kutafuta samaki. Nilirudi na samaki wachache sana, wachache mpaka haya. Na hata hivyo ninakuambia kweli: ile safari ilifaulu. Soma mpaka mwisho, nawe utaamua kama ninasema uongo.

Njia ya kwenda

Kasenga iko mashariki na kaskazini ya Lubumbashi, mwendo wa kilometa zaidi ya 200. Unaacha nyuma muji na ule mulima mweusi wa mabaki ya shaba, unaingia katika pori ya miombo. Pembeni ya njia utaona magunia ya makala yamesimama kama watu wanaongoja kamyo. Utaona vichuguu virefu kuliko nyumba. Wakati wa mvua, watoto watakimbilia gari na masahani ya uyoga. Unafika Kasomeno, pale njia inagawanyika: moja inakwenda Pweto, ingine inashuka Kasenga. Kama ni kiangazi, vumbi nyekundu itakupaka mpaka ku kope za macho. Kama ni mvua, matope itakufundisha uvumilivu. Usivae nguo nyeupe, ni shauri la ndugu.

Kisha, kwa gafula, hewa inabadilika. Unasikia harufu ya mayi na ya samaki waliokaushwa ku moshi. Mbele yako ni Luapula. Ngambo ile ni Zambia. Wavuvi wa ngambo hii na ya ngambo ile wanasalimiana kwa Kibemba, kwa maana mupaka uko ku karata tu. Wengi ni ndugu wa damu. Muto huu unatoka upande wa ziwa Bangweulu, unazunguka, unafanya mupaka wa inchi mbili, halafu unaingia katika ziwa Moero. Kule Pweto unatoka tena na jina jipya, Luvua, unakwenda kuungana na Lualaba. Basi kikombe cha mayi unachochota Kasenga, ukikimwanga, kitaanza safari ndefu mpaka ku bahari.

Muto uliolisha miji ya shaba

Vijana wengi wanafikiri kwamba shaba peke yake ndiyo ilijenga miji yetu. Lakini mufanyakazi wa mine hawezi kutafuna shaba. Alihitaji mboga ya bukari yake, na sehemu kubwa ya mboga ile ilitoka hapa. Katika miaka ya 1930 na 1940, wafanya biashara Wagriki walikaa Kasenga na mashua zao na barafu yao. Walinunua samaki kwa wavuvi wa ngambo zote mbili, wakawapeleka Elisabethville, ndilo jina la zamani la Lubumbashi.

Samaki wa sifa wakati ule aliitwa mpumbu. Kila mwaka, mvua ilipoanza na muto kujaa, mpumbu walitoka katika ziwa Moero, wakapanda Luapula kwa makundi makubwa kwenda kuzaa. Wavuvi waliwangojea njiani na nyavu. Kazi ilikuwa nyepesi: samaki mwenyewe anakuja, tumbo limejaa mayai. Kila muvuvi aliyerudi na mutumbwi mujaa alisema: "Leo siku imefaulu." Na kesho yake vilevile. Mwaka kwa mwaka nyavu zikaongezeka. Mwisho wa miaka ya 1940, mpumbu walipunguka sana, na makundi yale ya zamani hayakurudi tena.

Angalia vizuri, ndugu musomaji. Hakuna mutu aliyeamka asubui akasema: "Leo nitamaliza mpumbu." Kila mumoja alihesabu kikapu chake tu, na siku yake tu. Siku nyingi zilizofaulu ziliungana pamoja, zikazaa hasara moja kubwa.

Kisha watu wakashika zaidi pale, yule samaki wa mwili mupana tunayemupenda wote, na nyavu za nailoni. Miaka ilipopita, wakashika chisense, wale wadogo sana wanaovuliwa usiku na taa katika ziwa Moero. Kutoka samaki anayejaza sahani mpaka samaki anayepotea katika kijiko: ndiyo ngazi tuliyoshuka.

Ahadi yangu

Sasa nikuelezee kwa nini nilikwenda. Binti yetu alikuwa ameombwa. Wakwe walituma neno kwamba siku ya Mungu watakuja nyumbani kutusalimia. Unajua desturi yetu: mukwe hapewi chakula cha hivi hivi. Tena kati yao kulikuwa muzee mumoja sana, kambo wa yule kijana, aliyezaliwa karibu na Luapula. Bibi yangu akaniambia: "Baba, ule muzee tutamupatia nini kama si samaki ya kwabo?" Nami, kwa kujisifu, nikajibu: "Usiogope mama, nitaleta kikapu mujaa." Mudomo wangu mwenyewe ndio ulinifunga.

Nilikwenda na mutoto wa dada yangu, kijana wa miaka 17. Masomo yake yalikuwa yamekatika, juu ya kukosa feza. Yeye alikuwa na hesabu yake. Alisikia kwamba kule mutu anaweza kushona chandarua cha mbu kama wavu, akakokota pembeni ya majani usiku mumoja, akajaza gunia. Gunia moja, magunia mawili, na feza ya masomo inapatikana. Ndani ya mufuko wake alificha chandarua kipya. Nilikiona siku ya kwanza. Sikumugombeza. Ningemugombeza namna gani, wakati mimi pia nilikuwa na kikapu kichwani?

Kasenga tulipokelewa na muzee mumoja muvuvi, rafiki wa marehemu baba yangu. Tulipatana hivi: nimulipe siku 2 za mutumbwi wake, samaki wa ndoano ni wetu, samaki wa wavu tunagawanya.

Samaki wa mudomo mukubwa

Nilitaka makobo. Kama humujui, ni samaki mwenye mudomo mukubwa na meno, anayekula samaki wengine. Hakimbii katikati ya muto kama mwizi. Anajificha pembeni ya majani na mafunjo, anasimama kimya, anangoja. Samaki mudogo akipita, anamurukia mara moja. Kwa sababu ile anapendwa sana na watu wa ndoano: ukimupata, umemushinda kwa akili, hukumukokota tu kwa nguvu.

Siku ya kwanza tulifika ku mayi wakati jua limepanda. Tulizungumuza kwa sauti. Kijana alisimama ndani ya mutumbwi ili aone vizuri, kivuli chake kikaanguka juu ya mayi mbele yetu. Mimi niligonga kasia ku mbao, ko! ko! Saa 4 mpaka saa 10, ndoano ilirudi vile ilivyokwenda. Muzee alivuta kiko chake, hakusema kitu. Jioni tu, tulipofunga mutumbwi, akasema: "Leo mulikuya kusalimia samaki. Hamukukuya kuvua." Tulicheka, lakini usiku sikulala vizuri. Ilibaki siku moja, na kikapu kilikuwa kikavu.

Kesho yake alituamusha mbele ya jogoo. Alitupatia masharti, na mimi nakuandikia kwa faida yako, kijana unayependa kuvua:

Fika mbele ya jua, ao ngoja jioni. Katikati ya mchana makobo anakaa ndani ya kivuli na hana haraka. Kaa chini ndani ya mutumbwi, tena usipige mbao. Tupa ndoano pembeni ya majani, si katikati ya majani. Kwa pale, tia nyungunyungu na kungoja. Kwa makobo, tia samaki mudogo, ao kitu kinachongaa na kutembea, kwa maana anafuata kile kinachokimbia. Muzee mwenyewe alikuwa na ndoano aliyoifunga ku kipande cha kijiko cha zamani. Akiivuta, inapepea na kungaa sawa kisamaki kinachougua. Na sharti la mwisho: angalia mayi kila wakati, kwa sababu kiboko na mamba hawajui kama wewe ni mugeni.

Jua lilikuwa halijatoka wakati kamba ya kijana ilikazika. Ilikata mayi kuume, ikakata kushoto, ikapotea chini ya mutumbwi. "Mujomba! Mujomba! Iko nakokota!" Muzee akamwambia pole pole: "Usimushindanishe. Akivuta, umuachilie kidogo. Akipumuzika, umurudishe." Kisha makobo akaruka juu, mudomo wazi, akaanguka. Alipofika ndani ya mutumbwi, kijana alimushika na mikono yote miwili kama mutu anayeshika mutoto muchanga. Hakusema neno la gunia. Nilitambua jambo moja: kwa mara ya kwanza tangu masomo yake kukatika, nilimuona anacheka na uso muzima.

Waamerika na samaki wao

Wakati tulingoja samaki wa pili, niliwaelezea habari ya Marekani. Kule wako na samaki anaitwa bass. Si ndugu wa makobo kwa kizazi, lakini kwa tabia wanafanana: mudomo mukubwa, kujificha katika majani, kurukia kwa gafula. Mamilioni ya watu kule wanamuvua na ndoano.

Mwaka 1932, tarehe 2 ya mwezi wa 6, kijana wa miaka 20 anayeitwa George Perry, mulimaji wa jimbo la Georgia, alikwenda kuvua na rafiki yake kwa sababu mvua ililowanisha shamba, hawakuweza kulima. Walikuwa na mashua moja na ndoano moja. Perry akavua bass wa kilo 10 na kidogo. Mpaka leo hakuna aliyemupita. Mwaka 2009 mutu wa Japani alivua mwingine wa uzito karibu ule ule, katika ziwa Biwa, wakaandikwa wote wawili pamoja. Na unajua Perry alifanya nini na samaki wake wa sifa? Alimupima, halafu akamupeleka nyumbani, mama akamupika, jamaa ikakula. Ulikuwa wakati wa njaa na kukosa kazi.

Lakini miaka ilipopita, mambo yalibadilika. Watu wakaanza kufanya mashindano ya kuvua bass kwa feza nyingi. Wakaona samaki wanakufa bure. Tangu mwaka 1972, mutu aliyesimamisha mashindano makubwa kule, Ray Scott, alianza kuwafundisha wavuvi wasiue tena samaki zao: wanawatia ndani ya sanduku la mayi katika mashua, wanawapima, halafu wanawarudisha wazima.

Kijana akacheka mpaka mutumbwi ukatikisika. "Banavua, banaachilia? Mujomba, ule ni wazimu!"

Muzee alifikiri sana. Halafu akasema: "Ule wa kwanza alikuwa na njaa, alikula: alifanya vizuri. Bale ba nyuma beko na shibe, banaachilia: banafanya vizuri. Sisi huku tuko katikati. Tuko na njaa, lakini tuko na batoto."

Sikujua kwamba baada ya saa moja maneno yale yatarudi kunipima.

Mama makobo

Jua lilipopanda tulikuwa na makobo 2 wa ndoano. Tukakwenda kutosha wavu ambao muzee aliutega jioni. Ulikuwa mwepesi. Pale 3, majani, na ndani ya kona ya mwisho makobo mumoja mukubwa, mukubwa kweli, anapita wale 2 wetu pamoja. Moyo wangu uliruka. Nilimuona amekwisha kulala juu ya sahani kubwa ya wageni, mukwe anamutazama, bibi yangu anafurahi.

Muzee akamutosha katika wavu. Samaki akafungua mudomo, na kutoka ndani ya mudomo ule wakaanguka watoto. Wadogo sana, kila mumoja ni macho mawili na mukia. Walianguka ndani ya mayi kidogo iliyokaa chini ya mutumbwi, wakaanza kuzungukazunguka.

Ndugu musomaji, labda hukujua jambo hili. Makobo mama hatagi mayai na kuyaacha. Anayachukua ndani ya mudomo wake. Yanapasuka mule, watoto wanakomaa mule, na siku zile zote mama anachunga mudomo kuliko tumbo. Wakianza kutembea inje, hatari ikija, wanarudi tena mudomoni. Hata pale anafanya vile. Kwa bass wa Marekani, ni baba anayechunga watoto ku kiota. Kila samaki na desturi yake.

Muzee akanitazama. "Zile pale 3, nitazikamata mimi," akasema. "Huyu ninakuachia wewe. Ulilipa mutumbwi, uko na bakwe. Amua."

Nitakuambia kweli, maana hii si karatasi ya kujipamba: nilitaka kumukamata. Nilifanya hesabu upesi. Nikajisemea: ni samaki mumoja tu, muto ni mukubwa, wengine wanakamata mia. Na zaidi, mimi si mutu wa hapa, kesho sitakuwako. Nilikuwa ninanyosha mukono kwenye kikapu.

Ndipo nikaona kijana. Alikuwa amepiga magoti chini ya mutumbwi. Alikusanya wale watoto na viganja vyake, pamoja na mayi, pole pole, akawatia ndani ya bakuli ya kutoshea mayi. Aliinua kichwa akaniuliza: "Mujomba, tukikamata mama yabo, hawa beko naenda wapi?"

Sikupata jibu. Nilikumbuka mpumbu. Wale watu wa zamani nao walisema, ni mumoja tu, muto ni mukubwa. Na wageni wale wa zamani, hawakusema vilevile kwamba kesho hawatakuwako?

Nikamwambia muzee: "Tumurudishe." Sauti yangu haikuwa ya furaha, ninakiri. Muzee akasukuma mutumbwi mpaka pembeni ya mafunjo, pale mayi inatulia. Akamushika mama chini ya mayi, kichwa mbele, mpaka mashavu yakaanza kupumua vizuri. Kijana akainamisha bakuli karibu naye. Mama akapiga mukia mara moja, wote wakapotea katika kivuli. Kama aliwaokota watoto tena, hatukuona. Mayi ilikuwa nyeusi.

Muzee hakunisifu. Alichukua pale mumoja kati ya zake 3, akamutupa ndani ya kikapu changu. "Ya bakwe," akasema.

Siku ya wageni

Basi nilirudi Lubumbashi na makobo 2 na pale 1, waliotiwa chumvi na kukaushwa ku moshi, pamoja na chisense niliyonunua sokoni. Bibi yangu alifungua kikapu, akanitazama, akakifunga tena. Sitakuandikia yale alisema. Lakini ni mwanamuke wa akili: alipika sombe mingi, akatia chisense, na wale 3 akawapanga juu ya sahani ili waonekane.

Wakwe walikula. Hakuna aliyehesabu. Nilipoona hivyo, nikatubu mwenyewe mbele yao, nikaeleza habari yote, na mama makobo, na kikapu. Wengine walicheka. Yule muzee, kambo wa kijana, hakucheka. Aliacha mukono wake juu ya sahani. Akaanza kusema juu ya mpumbu: namna baba yake alirudi nao wakati wa mvua, yeye akiwa mutoto mudogo, namna mafuta yao ilinuka mpaka kwa jirani, namna mama yake aliwapika na mayai yao. Alisema kwa muda mrefu. Halafu akatazama meza, akauliza: "Kati yenu vijana, nani amekwisha kumuonja?"

Hakuna aliyejibu. Walikuwa vijana 9 katika nyumba ile, na binti yetu na muchumba wake kati yao. Hata mumoja. Muzee akatikisa kichwa, akavunja kipande cha makobo, akakitia mukononi mwa mutoto aliyekaa karibu naye. "Kula hii," akasema. "Ujue ladha yake."

Alama za siku iliyofaulu

Sasa nirudi ku ulizo letu. Siku ya kuvua inafaulu wakati gani? Zamani ningejibu: wakati kikapu kimejaa. Leo ninaona alama 4.

Ya kwanza: wote waliotoka asubui wamerudi jioni. Muto hauna ruhusa ya kubeba mutoto wa mutu juu ya samaki.

Ya pili: umejifunza kitu. Siku yetu ya kwanza hatukupata hata mukia, lakini bila ile siku hatungejua kunyamaza siku ya pili.

Ya tatu: sufuria ya nyumbani imepata kitu. Usinielewe vibaya, mutu mwenye njaa hali maneno mazuri. Makobo wale 2 tuliwakamata na tuliwakula, na hatukuona haya. Perry naye alimukula wake.

Ya 4: umeacha muto na mama. Yaani, yule atakayefika kesho, na mutoto wake, atakuta kitu cha kuvua. Kwa sababu hii uvuvi wa Luapula na Moero unafungwa katika miezi ya mvua, wakati samaki wanazaa. Kwa sababu hii pia chandarua cha mbu ni kibaya ku mayi: matundu yake ni madogo mno, kinakamata hata wale ambao hawajatoka vizuri mudomoni mwa mama. Gunia unalojaza nalo ni makobo wa miaka ijayo.

Habari moja imebaki. Asubui tulipoaga Kasenga, nilitafuta kijana, sikumuona. Nikamukuta ndani ya nyumba ya muzee. Alikuwa amepanda juu ya kiti, anafunga kile chandarua chake kipya juu ya kitanda cha wajukuu. Hakuna aliyemutuma. Aliponiona akasema tu: "Huku mbu ni mingi, mujomba."

Feza ya masomo yake haikutoka ku Luapula. Tunaendelea kuitafuta, na si kazi nyepesi. Lakini ndani ya kamyo, katikati ya vumbi ya Kasomeno, aliniuliza kama mwaka ujao tutarudi, na kama yule mama makobo atakuwa angali pale. Nikamwambia: sijui, lakini kama si yeye, labda watoto wake.

Na wewe, ndugu musomaji? Jioni hii, mukikaa mezani, zungumuzeni pamoja, wazazi na vijana. Katika kazi yenu, kuvua, kulima, kuchoma makala, kuchimba mawe: kikapu chenu kikijaa leo, munaacha nini kwa yule wa kesho? Na muulizeni muzee wa nyumba ni chakula gani alikula utotoni ambacho ninyi hamujakionja. Musikilize mpaka amalize.